Taa ya tangi dogo la matumbawe: niliyonunua imeniunguzia, nisaidieni kuchagua nyingine

Mpwani_Leeds

Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Tanga, Leeds huu mwaka wa saba. Wenzangu wakikumbuka kwao wanapika wali wa nazi, mimi nimeweka tangi la maji chumvi sebuleni. Lina sentimita 40 kila upande, yaani lita 64, ila ukishaweka mawe na mchanga maji yenyewe hayazidi 50. Humo nina samaki wawili, kamba mmoja msafishaji, na matumbawe ya vipande niliyonunua kwa jamaa anayeyakuza nyumbani kwake: Zoanthus mawe matatu, wale wa uyoga, Duncan ya vichwa vitatu, na Euphyllia ya vichwa viwili ambayo peke yake ilikula pesa kuliko hao wengine wote.

Taa iliyokuja na tangi ilikuwa hafifu. Zoanthus zikaanza kurefusha shingo kama watu wanaochungulia ngoma kwa nyuma. Nikaingia mtandaoni, nikakuta taa ya LED, boksi jeusi la Kichina, wati 165, bei ya kawaida tu, sifa kedekede. Nikajipigia hesabu yangu: wati nyingi, matumbawe raha. Ijumaa usiku nikalitundika sentimita 15 juu ya maji, vitufe vyote viwili, cha buluu na cha nyeupe, nikavizungusha mpaka mwisho, saa 12 kwa siku kama jua la nyumbani.

Jumapili Zoanthus zote zimefumba. Nikasema zinazoea. Jumatano asubuhi Euphyllia imesinyaa, imerudi ndani ya mifupa yake, ule ukijani wote umetoka, nyama imebaki kama tui la pili, unaona mfupa kwa ndani. Jumamosi iliyofuata kichwa kimoja kimeyeyuka, uteute wa kahawia unaelea mpaka kwenye pampu. Harufu yake niacheni tu.

Nimerudisha taa ya zamani. Nina pauni 200. Ninunue taa gani, na ni wati ngapi kwa lita?

kijana_wa_Kimara

Naweka kambi hapa. Sijui lolote ila uzi una ladha.

chumvi35

Pole sana ndugu yangu. Mimi niko Muscat, tangi langu la kwanza nililiwasha 2011, na hilo kosa lako nimelifanya mara mbili, kwa hiyo usijione wa peke yako.

Kwanza hilo la "wati ngapi kwa lita" lifute kabisa kichwani. Lilikuwa na maana kidogo enzi zile watu wote wanatumia mirija ya aina moja. Wati ni umeme unaoutoa ukutani. Tumbawe halijui umeme wako, linajua mwanga uliolifikia pale lilipokaa.

Ndani ya nyama ya tumbawe kuna vimwani vidogo mno, zooksantela. Vinatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya hiyo sukari inaliwa na mwenye nyumba. Mwanga wanaoutumia tunaupima kwa PAR, yaani chembe za mwanga wa nanomita 400 hadi 700 zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde, tukizihesabu kwa mafungu makubwa yanayoitwa mikromoli. Jua la saa sita mchana kwetu, juu ya maji, ni karibu 2,000. Kwenye tangi tunaongelea namba ndogo kabisa: uyoga na Zoanthus 50 hadi 100, Euphyllia na Duncan 80 hadi 150, Acropora, yale magumu ya matawi, 200 hadi 350. Si sheria hizo, ni pa kuanzia.

Ukizidisha, vimwani vinafanya kazi kupita kiasi, vinatoa oksijeni ya aina inayounguza seli, na tumbawe linavitimua ili lijiokoe. Vikitoka, rangi imetoka na chakula kimetoka. Hiyo ndiyo tui la pili uliyoiona. Ukipunguza mno, inakuwa kinyume chake: linaongeza vimwani ili likusanye kila chembe, na linageuka kahawia. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, jifunze kusoma: kahawia ni njaa ya mwanga, kupauka ni shibe iliyozidi. Na kati ya hayo mawili, kahawia linapona polepole bila matatizo. Lililopauka una siku chache tu.

Sasa nakuuliza: nani alikwambia boksi lako ni baya? Sentimita 15, asilimia 100, saa 12, bila kulizoesha. Hata taa ya pauni 500 ingeunguza hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Usilitupe hilo boksi.

Mpwani_Leeds

Kaka hapo umenipiga ngwala. Nilikuwa nimeshalipiga picha nilitie sokoni.

Zai_MN

Hodi humu. Niko Minneapolis, nina tangi la galoni 20. Mimi bado natumia mirija ya T5, zile taa nyembamba za fluoresenti, minne, na siwezi kuiacha kwa moyo mweupe. LED inatoka kwenye nukta moja, kila tawi linatupa kivuli chini yake, na upande ule wa chini wa tumbawe unakufa kimyakimya. Mrija unamwaga mwanga sawasawa tangi zima. Matumbawe yangu yana rangi mpaka kwenye mashina.

Lawama yangu ni moja: mirija inachoka. Kila miezi tisa hadi 12 unabadilisha yote hata kama kwa macho inawaka vizuri, maana mwanga wake unapungua na rangi inahama. Na Ulaya mirija ya T5 ya kawaida ilizuiwa kuingizwa sokoni tangu Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki iliyomo, kwa hiyo Mpwani sikushauri uanze leo. Ila hilo la vivuli msilipuuze.

chumvi35

Dada Zai una haki kabisa kuhusu vivuli. Ndiyo maana mimi nasema taa ya LED ipandishwe juu. Ikikaa karibu unapata duara la moto katikati na pembeni kiza. Ukiipandisha, miale inatawanyika, katikati inapoa, pembeni panapata. Unapoteza mwanga kidogo nje ya tangi, lakini kwa boksi kama lile mwanga wa kupoteza upo tele.

Kwa anayenunua upya kwa tangi la sentimita 40 na matumbawe laini, mimi ningemwambia hivi. Kessil A80 ni wati 15 tu na kwa uyoga, Zoanthus na hata Euphyllia ya katikati inatosha. AI Prime 16HD ni chini kidogo ya wati 60, inaongozwa kwa simu rangi moja moja. Kwenye tangi kama lake ataiendesha nusu au chini ya nusu, na akitamani Acropora kesho, nguvu ipo. Zaidi ya hapo ni kununua lori la kubebea mkaa wa debe moja.

FundiUmeme_Ilala

Wakuu mimi samaki nawajua kwenye sahani tu, ila umeme ni kazi yangu, ngoja niongeze.

Hilo "wati 165" ni hesabu ya wauzaji. Fungua uone: chipu 55, kila moja imeandikwa wati 3, 55 mara 3 unapata 165. Lakini hazisukumwi kwa wati 3. Chomeka kipimo cha soketi uone inakula ngapi kweli.

Na gharama piga kwa saa, usipige kwa wati. Kwa wale wa Bongo wanaotamani: mtu wa matumizi madogo ananunua uniti kwa bei ya chini mradi asizidi 75 kwa mwezi. Taa ya wati 110 kwa saa 12 ni uniti 40 kwa mwezi peke yake, hapo hujagusa pampu wala friji. Utajikuta umehamishwa kwenye bei ya kawaida, shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti, na nyumba nzima inalipa hiyo bei kwa sababu ya tumbawe.

La pili, na hili nalisema kwa msisitizo: maji ya chumvi na soketi. Waya wa taa usiushushe moja kwa moja kwenye soketi. Uache uning'inie chini zaidi ya soketi kisha ndipo upande, ili tone likitembea kwenye waya lidondokee sakafuni. Na hiyo soketi iwe na kinga inayokata umeme ukivuja. Nimewahi kuitwa nyumba moja, adapta ya tangi imeota chumvi nyeupe kama kaimati zilizomwagiwa sukari, na watoto wanagusa pale kila siku.

Mpwani_Leeds

Fundi nimepima sasa hivi. Wati 112 vitufe vyote vikiwa mwisho. Wati 165 wanazipata wapi, Mungu ndiye ajuaye. Na waya nimeushusha, ulikuwa umenyooka kabisa kama mshale kuelekea soketini.

Swali: nimepakua programu ya simu ya kupima mwanga. Inaniambia lux 3,000 na kitu nikiweka buluu peke yake, na nikiongeza nyeupe kidogo tu inaruka elfu nyingi. Ina maana nyeupe ndiyo yenye nguvu?

chumvi35

Hapana, simu inakudanganya bila kukusudia. Lux imetengenezwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linapenda kijani, nanomita 555. Buluu ya nanomita 450 jicho linaihesabu kama asilimia 4 tu ya kijani kile. Kwa hiyo taa ya buluu inaonekana hafifu kwako na kwa simu yako, kumbe tumbawe linachomwa. Vimwani vyenyewe vinapenda hasa hiyo buluu, na ndiyo inayoshuka kina kirefu baharini. Nyekundu inaishia mita chache za juu.

Weka buluu iwe ndiyo taa, nyeupe iwe kitoweo cha macho yako ili samaki wasionekane maiti. Na zile rangi zinazong'aa kama taa za disko zinatokana na protini za tumbawe zinazopokea buluu na zambarau na kurudisha kijani au chungwa. Tumbawe lile lile ukiliweka chini ya taa nyeupe tupu utadhani umeuziwa kitu kingine.

Kupima kweli kunataka kipimo cha PAR cha kuzamisha majini, wengi tunatumia Apogee MQ-510. Bei yake inazidi taa yako mara mbili, usinunue. Maduka mengi ya huko kwenu na vikundi vya wafugaji wanakodisha kwa siku mbili tatu.

Mzee_wa_Ngalawa

Nawasoma vijana wangu nafurahi. Mimi niko Mombasa, nimezamia tangu nina miaka kumi na minne, sasa magoti hayataki.

Hizo namba zenu za PAR mimi sikuzisoma, lakini nenda kwenye mwamba siku ya bamvua, maji yametoka, utayaona hayo mambo bila kipimo. Juu ya mwamba kuna matumbawe yanabaki wazi, maji yamekwenda, jua la saa saba linayapiga na hayafi. Yanatoa ute yanajifunika. Pima hatua moja, chini ya ukingo wa mwamba ule ule, kuna mengine hayajawahi kuliona jua uso kwa uso. Ukilitoa la chini ukaliweka la juu, siku tatu umeliua. Bahari moja, mwamba mmoja. Kwa hiyo kijana wa Tanga, alipokuuzia yule bwana ulimuuliza lilikuwa limekaa wapi?

Na nyongeza: mwaka 1998 nilizamia Machi nikatoka Mei sina hamu. Mwamba mweupe kama umepakwa chokaa. Lile lilikuwa joto la maji, El Niño. Lakini kwa macho yangu yale yaliyokuwa kivulini yalidumu kidogo kuliko ya juani. Joto na mwanga wanashikana mikono wakiua.

Mpwani_Leeds

Shikamoo mzee. Sikumuuliza, na nimemwandikia baada ya kusoma ujumbe wako. Anasema lilikuwa chini kwenye mchanga, pembeni, PAR 70 au 80. Mimi nikalipandisha juu ya jiwe "lipate mwanga".

Mzee_wa_Ngalawa

Marahaba mwanangu. Umejijibu.

kijana_wa_Kimara

Jamani na mimi nimenogewa. Kwa nini kununua kwa hela wakati kisiwani Mbudya nikienda Jumapili nayakanyaga? Nikichukua kipande kimoja kwenye ndoo nani ananiona?

chumvi35

Usiguse kabisa. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, na kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Matumbawe magumu yamo pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuvuka nayo mpaka kunataka kibali. Na weka sheria pembeni: la Mbudya limezoea PAR elfu na maji yanayosukumwa usiku na mchana, utaliweka kwenye beseni chini ya taa ya jikoni. Utanuka nyumba nzima.

Mzee_wa_Ngalawa

Na usiyakanyage pia.

Zai_MN

Kimara anza na tangi la maji baridi, mimea na samaki wadogo. Taa yake nafuu na makosa yake hayanuki.

chumvi35

Nirudi kwenye joto, maana mzee amenigusa. Hapa Muscat kiangazi kiyoyozi kikizimika kwa muda wa saa tatu, maji yanapanda hadi nyuzi 30. Mimi nalenga 25 hadi 27. Taa ya LED joto lake linatoka kwa juu, kwenye bati lake la kupozea, si kama zile za metal halide zilizokuwa zinachemsha maji kama sufuria. Lakini ukilifungia tangi kifuniko na taa ikalalia juu yake, joto linarudi chini. Acha wazi, weka feni ndogo ipulize juu ya maji, utashusha nyuzi mbili au tatu. Maji yatapungua kwa kukauka. Unaongeza maji matamu yaliyochujwa kwa RO, yaani chujio la utando, kamwe usiongeze ya chumvi, kwa sababu chumvi haikukauka, imebaki ndani. Na siku joto limepanda, punguza taa. Watu wengi wanakimbilia barafu na taa wanaiacha inawaka kama kawaida.

Mpwani_Leeds

(wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi na matokeo. Kipimo nimekodi pauni 25 Ijumaa hadi Jumatatu.

Kwanza nilitaka kujua nilifanya nini. Nikatoa matumbawe yote kwenye ndoo yenye pampu na hita, nikarudisha boksi kama lilivyokuwa siku ile: sentimita 15, vitufe mwisho. Juu ya jiwe, pale pale Euphyllia ilipokuwa: 430. Ilitoka 75. Nilikaa kwenye kiti dakika kadhaa nikiangalia ile namba. Kona ya mchanga ilikuwa 60 wakati huo huo, kwa hiyo ningeiacha tu pale chini isingepata hata jakamoyo.

Halafu nikapandisha boksi mpaka sentimita 35 kwa minyororo ya dukani. Buluu nikaweka asilimia 40, nyeupe 10. Juu ya jiwe 118, katikati 85, mchanga 50 hadi 60 karibu kila kona. Kumbe dada Zai na chumvi35 mlikuwa mnasema kitu kimoja: kona zimepata na katikati pamepoa.

Kwenye soketi inakula wati 38 sasa. Saa tisa kwa siku, kuanzia saa saba mchana hadi saa nne usiku, ili nikitoka kazini niikute. Huku Disemba saa kumi jioni ni giza totoro, kwa hiyo sebule nzima inawaka buluu na jirani ameuliza kama tumefungua saluni.

Sikuanza hapo moja kwa moja. Wiki ya kwanza buluu 20, kisha naongeza tano kila siku nne. Siku Zoanthus zikifumba, nasimama wiki nzima.

FundiUmeme_Ilala

38 mara saa 9 ni uniti kama 10 kwa mwezi. Ulikuwa unachoma 40. Tozo ya ujinga umeirudisha mkuu.

Zai_MN

Na ile pauni 200?

Mpwani_Leeds

25 kipimo, 12 minyororo na ndoano, 9 taima ya soketi. Nyingine mke wangu kaiona kabla yangu.

chumvi35

Ukianza kufikiria Acropora uniambie mapema, boksi la vitufe viwili lina mwisho wake. Kwa sasa tulia. Jambo moja: kila mwezi futa lenzi na kioo cha chini cha taa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, plagi ikiwa imechomolewa. Utando wa chumvi unakula mwanga taratibu, halafu siku ukiufuta mara moja matumbawe yanashtuka tena. Ukifuta baada ya muda mrefu, shusha taa kidogo kwanza.

Mpwani_Leeds

(wiki ya tisa)

Taarifa fupi kwa waliouliza inbox. Zoanthus zimefupisha shingo, moja imetoa vichipukizi vinne. Uyoga haujali lolote, ungeishi hata kabatini. Duncan imenenepa.

Euphyllia iliyobaki nilidhani itanifia. Wiki tano ilikuwa kama kidole cha mtu aliyekaa majini muda mrefu. Kisha ncha zikaanza kurudi kijani, moja moja, kwanza zile za upande wa kivulini. Jana usiku taa imezimika, nikaimulika kwa tochi kwa pembeni: imejitanua kuliko nilivyowahi kuiona, na katikati ya kile kichwa kimoja kuna midomo miwili.

kijana_wa_Kimara

Kikigawanyika unaniuzia?

Mpwani_Leeds

Chumvi35 kakwambia kuhusu kibali. Labda mtu wa Bradford aje na ndoo yake, na aje na jibu la swali la mzee: atakiweka wapi.